Migongo ya Sahani

Miaka ishirini na miwili baba aliingia kwa Mfaransa
kwa mlango wa nyuma, ule wa upande wa mapipa,
paka watatu wakimpokea kama mashemeji.
Leo tumeingia kwa mbele.
Akasimama kizingitini akitafuta pa kuvulia viatu.

Nilikuwa nimelipwa mshahara wangu wa kwanza, kule Kilindini,
kazi ya kuhesabu makontena ya watu wengine.
Nikamwambia: Vaa lile shati la harusi ya Mbeyu,
twende Nyali, ukale ulikokuwa ukiosha.
Akacheka. Kisha hakucheka.
Akaoga mara mbili.

Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe cha kutisha.
Visu vitatu kila mtu, na uma zake.
Akauinua uma mmoja kwenye taa,
akaona ukungu wa sabuni katikati ya meno.
"Haraka," akasema. "Huyu kijana ana haraka."

Weita akaleta menyu ya jalada la ngozi,
herufi nyembamba kama miguu ya siafu, zote Kifaransa.
Mimi nilisoma bei.
Baba hakuwahi kukiona chakula hiki kikiwa kizima,
alikijua kwa mabaki.
Nikamsomea nilivyoweza, ulimi ukijikwaa,
naye kila jina akalijibu kwa doa lake:

"Hiyo ni supu ya vitunguu. Jibini yake huganda ukingoni,
uiloweke usiku kucha, asubuhi bado yakungoja."
"Hao ni konokono. Sahani ina mashimo sita,
kila shimo lataka kidole chake.
Wazungu huwamaliza. Wenyeji huwapiga picha,
wakawaacha watatu."
"Hiyo ya mwisho ni chokoleti. Haina taabu.
Watu huilamba wakidhani hawaonekani."

Sasa wewe utakula nini?
Akafikiri kama mtu anunuaye ng'ombe.
Akamuuliza weita: "Maji leo ni ya mfereji au ya kisima?"
Kijana akakimbilia orodha ya chupa.
Lakini mimi nimelelewa Mishomoroni, nilielewa.
Maji ya kisima yana chumvi, povu halishiki,
unasugua mara mbili kwa sahani moja,
na mikono ya baba ina nyufa
ambazo mafuta ya nazi hayajaziziba hadi leo.

"Ya kisima," kijana akakiri. "Mfereji umekauka tangu Jumanne."
"Basi niletee samaki. Wa siagi na ndimu.
Asiwe na jibini."

Akaja changu, kipande kidogo
kama stempu kwenye bahasha kubwa.
Baba akala polepole. Nikangoja aseme ni kitamu.
Alitafuna kama mtu anayesikiliza habari.
"Kumbe ndivyo ulivyokuwa," akanong'ona,
akimwambia samaki, si mimi.

Kisha akachukua mkate, akafuta mchuzi,
ukingo, katikati, tena ukingo,
mpaka sahani ikang'aa kama haikupakuliwa.
Akaigeuza mgongo.
Pale chini, karibu na muhuri wa kiwanda,
palikuwa na pengo dogo, la kutosha ukucha.
Akaweka ukucha wake. Ukaenea.
"Hii ni mimi," akasema. "Mwaka ule wa mvua nyingi.
Walinikata shilingi mia tatu."

Meneja akaja na tabasamu lake:
mpishi amefurahi mno, hajaona sahani irudiyo safi hivi,
kwao Ufaransa hiyo ni heshima.
Baba akaitikia kwa kichwa,
macho yake yakiwa kwenye mlango wa jikoni.

Mlango ukafunguka kidogo, sauti zikatoka:
bakuli, bomba, bakuli,
na mtu akipiga mluzi usio na wimbo.
Baba akatega sikio, mkate ungali mkononi.

"Maji yamempoa," akasema.
"Mwambieni abadilishe."